Mfungwa Anayezima Moto Atoke na Cheti Chake

Januari 2025, moto ulipoteketeza Palisades na Altadena huko Los Angeles, jimbo la California, Marekani, wafungwa zaidi ya 1,000 walipelekwa kuukabili. Anayewaona kwenye picha na zile sare za rangi ya chungwa hudhani ni vibarua wa kubeba mabomba ya maji. Sivyo. Hawa hukata njia ya kuzuia moto kwa mikono, pale ambapo gari la zimamoto halifiki.

Kikosi huwa na watu 12 hadi 17 chini ya kapteni wa zimamoto. Mwenye chensoo, yaani msumeno wa injini, hutangulia, na mwenzake huvuta matawi na kuyatupa upande wa mbali na moto. Akikosea upande, amechochea kuni. Nyuma yao zinafuata Pulaski, shoka upande huu na jembe upande wa pili, mtu na mtu wakiachana kama mita 3. Wenye McLeod, reki nzito yenye makali ya jembe, humalizia kwa kukwangua hadi udongo mtupu. Hapo ndipo kazi huharibika. Mzizi mmoja ukiachwa umekatiza njia, moto hutambaa chini kwa chini na kuibuka ng'ambo saa nyingi baadaye, kikosi kikiwa kimeshahama. Kwenye mteremko huchimbwa mtaro wenye ukingo upande wa chini, maana gogo linalowaka huviringika. Mawe nayo huporomoka: Februari 2016, huko Malibu, jiwe lilimuua mfungwa wa kike akiwa kazini.

Nidhamu hiyohiyo ndiyo wanayoihitaji waokoaji. Tope lilipoumeza mji wa Montecito, pia California, Januari 2018 na kuua watu 23, vikosi vya wafungwa viliingia pia. Mbwa wa kutafuta waliofukiwa hanusi vizuri penye moshi wa petroli, kwa hiyo unakata gogo, unazima chensoo, watu wanarudi nyuma, hewa inasafika, ndipo mbwa anapita. Kimya hicho hutumika pia kusikiliza sauti ya aliyefukiwa. Wakipekua kwa mstari, mwendo ni wa yule wa polepole kuliko wote. Mmoja akiona kitu anapaza sauti, wote wanasimama, hakuna kugusa. Na koleo halikitwi kwa nguvu kama kwenye moto, kwa kuwa huenda chini yake yuko mtu hai.

Kwa miaka mingi, mbali na posho ndogo ya siku, saa moja ya moto ilikuwa dola 1. Sheria ya California ya 2025 imeifikisha dola 7.25. Ni haki, na ilichelewa. Lakini kinachoniuma zaidi ni cheti. Idara nyingi za zimamoto za miji hudai cheti cha huduma ya kwanza ya dharura, na mwenye rekodi ya kosa kubwa huzuiwa kukipata. Sheria ya AB 2147 ya 2020 inamruhusu kuiomba mahakama imfutie rekodi hiyo, ila ni baada ya kutoka, wakati anahangaika na kodi ya nyumba na nauli.

Maombi hayo yaandaliwe kambini wanakoishi wafungwa hawa, miezi kadhaa kabla ya kuachiwa, na saa za mafunzo ya huduma ya kwanza zihesabiwe humohumo. Kituo cha mafunzo ya zimamoto cha Ventura, kilichofunguliwa 2018, huwafundisha miezi 18 walioachiwa kwa masharti. Kimoja hakitoshi. Kapteni aliyemwamini mtu kushika chensoo kando ya moto ndiye atie saini kwenye fomu yake, kabla lango halijafunguliwa.